Sifuri za Baba Zangu

Swali la kwanza katika chumba changu cha kupimia halikuwa langu, lilikuwa lao. Mtu aliingia, akavua kofia, akaangalia kiti, akaangalia kitanda, akaniangalia mimi, kisha akauliza: "Wewe ni binti wa nani?"

Nilimtajia baba yangu na ukoo wetu, na nikasubiri apige hesabu. Baada ya hapo ilitegemea. Kama hesabu ya vizazi ilimweka upande wa babu yangu, alicheka na kukaa bila kukaribishwa. "Kumbe mke wangu! Ng'ombe zangu umekula, sasa unataka na bega?" Kama ilimweka upande wa baba yangu, hakucheka. Aliketi wima, viganja juu ya magoti, akasema, "Haya, binti yangu," na kuanzia hapo hakuna kilichotoka kwake ila adabu.

Nieleze kwa asiye wa kwetu. Sisi Wakurya kila mtu huzaliwa ndani ya kizazi, na kizazi hakifuati umri. Unaweza kukuta kijana unayelingana naye miaka lakini ni wa kizazi cha babu yako, kwa sababu ya jinsi ndoa na uzazi zilivyopishana huko nyuma. Huyo ni mtani wako. Atakuita mke, atakulalamikia meno, mgongo na bei ya mbolea. Wa kizazi cha baba yako ni baba yako, basi. Humtanii, humwoni kifua wazi, na yeye hawezi kukuonyesha kwamba kuna kitu kimemshinda. Nimekulia ndani ya mambo haya Tarime, na kwa hiyo sikuwahi kuyaona kama kitu cha kuandikwa mahali popote. Utafiti ulioniajiri nao haukuyaandika popote.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya fiziotherapia na kukaa nyumbani Nkende kwa muda ambao majirani walikuwa wameshaacha kuniuliza nitaanza kazi lini. Kisha nikapata mkataba kwenye utafiti wa kitabibu kuhusu bega. Kichwa cha mfupa wa mkono kinashikiliwa mahali pake na misuli minne midogo, na kano za misuli hiyo ndizo zinazochakaa na kuchanika kwa watu wanaovuta na kuinua. Kwetu nani havuti, nani hainui? Nyamongo na Nyakunguru wanaume wanavuta kamba za kupandisha mifuko ya mawe ya dhahabu kutoka mashimoni, wanawake wanaponda mawe kwa nyundo kutwa nzima, na vijana wa bodaboda wanaanguka kwa bega. Upande wa Mugumu kuna wanaolima kwa ng'ombe na jembe linaloruka kwenye mizizi. Kwa mabega, hatukuwa na upungufu.

Utafiti ulilinganisha matibabu mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi ya kupangwa, yanayosimamiwa kwa karibu. Kundi la pili lilichomwa sindano ya dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya bega, halafu likapewa mazoezi machache ya kufanya nyumbani. Nani aingie kundi gani iliamuliwa kwa kura. Mimi nilikuwa mpimaji. Mpimaji hatakiwi kujua mtu alipata matibabu gani, ili macho yake yasipendelee upande, kwa hiyo nilikaa chumba cha peke yangu na sikuruhusiwa kuuliza. Nilipima mkono unapanda mpaka wapi, kwa kipimapembe, na niliomba mtu ataje maumivu yake kwa namba, kuanzia sifuri mpaka kumi.

Kulikuwa na ahadi moja ndani ya utafiti ambayo kwa wengi ndiyo iliyowaleta. Mtu ambaye mpaka kipimo cha mwisho bado anaumwa, utafiti ungempeleka Mwanza, apigwe picha ya bega, na kama kano imechanika ishonwe. Aliyepona angeshukuriwa na kurudi nyumbani. Ahadi hiyo ilikuwa na haraka yake, kwa sababu kano iliyokatika kabisa haikungoji. Misuli inarudi nyuma, inanywea, mafuta yanachukua nafasi yake, na ukichelewa sana hata daktari bingwa anakosa cha kuvuta na kushona.

Mtu ninayetaka kumweleza alikuwa mvuta kamba wa Nyakunguru. Siku moja wenzake waliteleza, mfuko wa mawe ukashuka shimoni na kamba, yeye akabaki ameishika peke yake. Aliuzuia mfuko, kwa sababu chini kulikuwa na watu. Bega lake ndilo lililolipa. Alikuwa wa rika la baba yangu kabisa, walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo hata kabla hajaniuliza mimi ni binti wa nani alikuwa anajua.

Kipimo cha mwisho alikuja na wenzake wa rika ambao nao walikuwa kwenye utafiti. Chumba changu kilikuwa na pazia badala ya mlango, na benchi la kusubiria lilikuwa nje chini ya dirisha. Alipoanza kuinua mkono, benchi lilianza kazi yake, kwa lile neno letu la kumwita mwanaume kijana.

"Mura, pandisha! Au umebaki nao wa mapambo?"

"Mwacheni. Anasalimia wageni."

Mkono ulipanda. Lakini bega halikuupandisha. Aliupandisha kwa kiuno, akijipinda nyuma, bega likikimbilia sikioni. Utaratibu ulinitaka niweke kiganja mgongoni mwake ili asijipinde. Nilipoweka, alisogea mbele, kwa upole, kama mtu anayempisha mwenzake njiani. Nikaweka tena, akasogea tena. Binti hamsukumi baba yake, na yeye hakuwa tayari kusukumwa. Nikamwomba aushushe mkono polepole. Ulifika usawa wa bega ukaanguka wenyewe, na akaudaka kwa mkono wa pili haraka, akajifanya anajikuna kiwiko.

"Baba, maumivu namba ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri maana yake hakuna kabisa. Hata ukilalia upande huo. Hata ukivuta kamba."

"Nimesema sifuri, binti yangu. Unataka niimbe?"

Benchi lilicheka. Jasho lilikuwa limejipanga juu ya mdomo wake, na asubuhi hiyo Tarime kulikuwa na baridi ya kuvaa koti. Niliingiza sifuri kwenye kishikwambi. Kuanguka kwa mkono hakukuwa sehemu ya vipimo vilivyohesabiwa, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukuweka ila pale pa maelezo mengineyo, ambapo hakuna anayesoma. Niliandika pale hata hivyo. Kisha nikamshukuru kwa niaba ya utafiti, nikamwambia amepona, akatoka.

Mimi ni mtu wa kufikiri jambo moja mpaka lichakae. Naweza kumsalimu mtu asubuhi na mpaka mchana bado najiuliza kama salamu ilitoka vizuri. Kwa hiyo hesabu za kichwani zilianza kabla hata hajafika getini. Je, alikuwa anadanganya, au mimi nilitaka adanganye? Mpimaji asiyemwamini mgonjwa ni hatari kuliko kipimo kibovu. Labda ana maumivu madogo na roho kubwa. Labda nimemhurumia kwa sababu ya ile hadithi ya kamba. Labda namwona baba yangu tu, na nikimwona baba yangu sifai kuwa mpimaji. Nilizungusha hayo nikiosha vyombo, nikiwa kanisani, nikiwa kwenye foleni ya maji.

Mwishowe nilimuuliza baba. Sikuweza kumtaja mtu, siri za washiriki ni siri, kwa hiyo nilizungukia mbali. Alikuwa uani akilainisha mpini wa jembe kwa kipande cha chupa.

"Baba, ukiumwa sana, utaniambia?"

"Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Nikwambie ili ufanye nini? Ulie?"

"Nimesoma mambo hayo, baba. Ndiyo kazi yangu."

Aliendelea kukwangua. "Nitamwambia mama yako. Na mama yako atakwambia wewe. Na wewe utaleta dawa na kusema umeinunua kwa ajili ya mama yako. Mbona ndivyo tunavyoishi siku zote?"

Ni kweli, ndivyo tulivyoishi siku zote. Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, maana nilikuwa nimeelewa kwamba kwa miezi yote ile nilikuwa nauliza moja kwa moja swali ambalo nyumbani kwetu hupitia kwa mama.

Muda si mrefu baadaye tuliitwa Mugumu kwenye kikao cha kuangalia matokeo ya awali. Daktari aliyeuongoza utafiti, bingwa wa mifupa, mtu mwenye heshima zake na asiyependa kupoteza muda, alituonyesha picha ukutani. Ilikuwa na vitone vingi, kila kitone mshiriki mmoja, umri chini na maumivu pembeni.

"Angalieni," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Wanawake, matokeo ni ya kawaida, wengine wamepona na wengine hawajapona. Lakini wanaume! Wa makamo wanapona vizuri ajabu, wa mazoezi na wa sindano sawasawa. Wazee hawaponi, makundi yote mawili. Umri wa kano unaamua zaidi ya matibabu. Hiki ni kitu kipya. Hiki kitasomwa."

"Na hivi vitone viwili vya pembeni?" aliuliza mwenzangu, fundi wa mazoezi, kijana wa Sirari.

"Vitone vya ovyo. Kila utafiti unavyo."

Nilivijua vitone vile. Kimoja kilikuwa cha mshiriki mdogo kuliko wote kwa umri, dereva wa bodaboda, na kilikuwa juu kabisa kwenye maumivu. Huyo alikuwa wa kizazi cha babu yangu. Aliniita mke wangu tangu siku ya kwanza, na kipimo cha mwisho aliniambia, "Nane, mke wangu, na usiku tisa, na ukinigusa hapo nitakurudisha kwenu." Kitone cha pili kilikuwa cha mzee mwenye mkongojo, na kilikuwa chini kabisa, kwenye sifuri. Mzee huyo kwa kizazi alikuwa baba yangu. Alikaa wima kama askari.

Nilitazama vitone vingine, nikaviona vyote kwa namna hiyo. Wale wa makamo waliopona ajabu walikuwa baba zangu, na wale wazee wasiopona walikuwa watani zangu. Picha ile haikuonyesha umri wa kano. Ilionyesha nani anaweza kusema "naumia" mbele ya binti wa baba yangu.

Nilipanga sentensi kichwani, nikaipangua, nikaipanga upya, na wakati naipanga mara nyingine mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

"Dokta, kipimo hiki kimeharibika, na kilichokiharibu ni mimi."

"Umekosea kuingiza namba?"

"Hapana. Namba ni zile walizozitaja. Walinitajia mimi."

Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikirudi, nikichanganya babu na baba. Mwenzangu wa Sirari aliinamisha kichwa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Kwa hiyo, mdogo wangu," alisema, "unataka niandike kwenye ripoti kwamba takwimu za utafiti wa kitabibu zimeharibiwa na utani wa babu?"

"Ndiyo, Dokta. Andika hivyo."

Kuna aliyecheka. Daktari hakucheka.

"Nikuulize. Kuna mtu mmoja unamfikiria?"

"Yupo."

"Unamhurumia."

"Namhurumia, ndiyo. Nadhani kano yake imekatika na tumemwambia amepona."

"Unadhani. Mshiriki kasema sifuri. Ukimrudia mmoja kwa sababu unadhani anadanganya, kesho utamrudia mwingine, na mwisho utakuwa unapima mawazo yako. Hapo umeua utafiti."

Alikuwa sahihi. Hicho ndicho nilichokuwa nimejiambia mwenyewe kwenye foleni ya maji, na kusikia hofu yangu ikitoka mdomoni mwa bingwa kulinifanyia jambo nisilolitegemea. Nilitulia. Kama hilo ndilo kubwa alilonalo, nilikuwa nimeshalizunguka mara nyingi kumpita.

"Sitaki arudiwe mmoja," nilisema. "Nataka warudiwe wanaume wote wa kizazi cha baba yangu, waliopewa mazoezi na waliochomwa sindano, wanaoonekana wamepona na wasioonekana. Na nisiwapime mimi. Wapimwe na mtu wanayeweza kumlalamikia."

"Muda wa vipimo umekwisha. Wafadhili wanasubiri. Wewe kazi yako ni kuthibitisha vipimo vyako ili takwimu zifungwe."

"Sithibitishi."

Neno lenyewe lilinishangaza. Lilitoka dogo, kavu, kama mtu anayekataa chai.

Mfumo wetu ulikuwa hivi: takwimu hazikuweza kufungwa mpaka mpimaji athibitishe kwenye kishikwambi chake kwamba vipimo vyake ni sahihi na vya kuaminika. Kulikuwa na kitufe kimoja cha kubonyeza. Sikukibonyeza siku ile, wala wiki ile, wala iliyofuata. Nilipigiwa simu kwa upole, kisha bila upole. Niliambiwa wapo wahitimu wengi Tarime wanaoitamani nafasi yangu, jambo ambalo nilikuwa nalijua kuliko aliyeniambia, maana nilikuwa nimekaa nao. Nilijibu kwamba nikilazimishwa nitaiandikia kamati ya maadili iliyoruhusu utafiti, na baada ya kukata simu niliusoma ujumbe wangu wa mwisho tena na tena nikitafuta mahali nilipokosa adabu.

Mwenzangu wa Sirari alinijia na soda. "Hii maneno utaiacha lini, dada?"

"Sijui."

"Wewe unaogopa hata kuvuka barabara. Mimi nimekuona, unangoja pikipiki zote za Tarime zipite. Sasa leo unapigana na daktari mkubwa?"

"Naogopa vilevile," nilimwambia. "Ila sibonyezi."

Alikunywa soda mwenyewe. Kisha akasema, "Kuna mmoja wangu, wakati wa mazoezi alikuwa anazimia kidogo halafu anasema ni joto." Akaishia hapo, kwa sababu hakutakiwa kuniambia lolote kuhusu mtu wa kundi lake. Lakini kesho yake alimpigia daktari na kumwambia ombi langu si la kipuuzi.

Daktari alikubali kwa masharti, na masharti yake yalikuwa mazuri. Mpimaji mpya asijue nani alipata nini. Asiambiwe namba za mwanzo. Na kabla ya kumpima mshiriki yeyote, yeye na mimi tupime mabega ya watu wengine, kila mmoja peke yake, mpaka vipimo vyetu vifanane. Kuhusu mkataba wangu hakusema kitu, na sikuuliza. Ulipoisha haukuongezwa. Naandika haya nikiwa Nkende tena, na majirani wameanza kuuliza upya. Ningekibonyeza kile kitufe leo hii ningekuwa na kazi, na bado sikibonyezi.

Mpimaji niliyempendekeza alikuwa muuguzi mstaafu wa hapa hapa. Aliolewa kwenye nyumba ya kizazi ambacho kwa hesabu yake baba zangu wale ni wajukuu, ingawa kwa miaka baadhi yao walikaribia kulingana naye. Nilimfundisha kipimapembe kwa siku chache. Alikishika kana kwamba alizaliwa nacho, kisha akanilaumu kwamba ninapima kama naomba msamaha.

Siku ya marudio nilipangiwa kukaa mbali, kwenye ukuta wa geti, kuandikisha wanaoingia. Benchi tulilihamishia upande wa pili wa ua, lakini hatukuweza kuihamisha sauti ya bibi yule. Ilitoka chumbani, ikavuka ua, ikafika barabarani.

"Mume wangu, kwa nini unanipindia kiuno? Hapa si ngomani! Simama kwenye ukuta!"

Benchi lilikuwa linaumwa mbavu kwa kucheka.

"Namba ngapi? Sifuri? Toka hapa. Mwanaume aliyenioa mimi akiwa na sifuri angeniletea kuni. Umeleta kuni? Basi anza kuhesabu upya."

Walitoka mmoja mmoja, wakitikisa vichwa, wakimtukana kwa upendo. Sikujua walitaja nini na sikutakiwa kujua. Nilijaribu kusoma nyuso na kujizuia kusoma nyuso.

Mvuta kamba alikuja mwisho. Nilikuwa nimeshakata tamaa, maana kwa simu alikuwa ametujibu kwamba mtu aliyepona hapimwi. Nadhani alikuja kwa sababu wenzake wote walikuwa wamekuja na Nyakunguru hapakuwa na wa kuongea naye. Alinipita getini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu."

Aliingia. Sauti ya bibi ilianza kwa nguvu, kama kwa wengine. "Huyu ndiye mume wangu mdogo! Njoo, usiogope, siumi!" Halafu ikashuka. Benchi lilisubiri mzaha unaofuata na mzaha haukuja. Nilimsikia bibi akisema, chini sana, "Ngoja. Ngoja nikushikie." Kisha ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa kizazi cha baba yangu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa fupi, kama mtu aliyekanyagwa gizani, na baada yake mtu mzima alikuwa anavuta pumzi kwa shida.

Hakuna aliyecheka. Mwanaume mmoja benchini aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Hofu zangu zote zilirudi pamoja, zikiwa na moja mpya juu yake, kwamba nimemvua mtu kitu alichokuwa amekishika kwa miaka yote, na nimemvua mbele ya rika lake, kwa sababu tu mimi siwezi kuacha jambo likapita. Kama angetoka na kurudi Nyakunguru bila kumtazama mtu, na kesho kushika kamba tena, ningekuwa nimempotezea bega na heshima kwa pamoja.

Pazia lilisogea, akatoka. Shati alikuwa amelivaa mkono mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umening'inia tupu mgongoni, na mkono mbaya ulikuwa umelala kwenye kitambaa ambacho bibi alikuwa amemfunga shingoni. Angeweza kuomba asaidiwe kuvaa kabla ya kutoka. Angeweza kupita nyuma ya jengo. Alipita katikati ya ua, mbele ya benchi, polepole.

"Mura," alisema mmoja, bila nguvu, kama anajaribu tu kama utani bado upo. "Shati limekushinda?"

"Limenishinda," alisema. Akasimama. "Kamba nayo imenishinda. Tangu siku ile. Na wewe uliyekaa hapo umemwambia bibi ngapi?"

Yule mwingine alitazama chini.

"Rudi ndani ukamwambie vizuri," alisema mvuta kamba. "Acha kelele."

Yule mtu alikaa kidogo, kisha akainuka, akaingia ndani.

Mvuta kamba alikuja mpaka getini nilipokaa. Nilisimama, kama binti anavyosimama. Hakunitazama usoni, alitazama barabara inayoelekea mjini, ambako bodaboda zilikuwa zinapita na vumbi lake, na mimi pia nilitazama huko, ili asilazimike.

"Binti yangu," alisema, "gari la Mwanza linaondoka lini?"